Wati 3,000 kwenye boksi, hivi tunaonekana mazuzu?

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Nilitaka mtambo mmoja wa sebuleni: usiku filamu, Jumapili muziki. Nikauziwa homu thieta ya 5.1, yaani spika tano na sabufa, boksi limeandikwa WATI 3,000 kwa maandishi makubwa kama bango la uchaguzi. Miezi miwili naumia nayo. Jana nimegeuza sabufa kutafuta tundu la waya, nakutana na lebo ndogo kule nyuma: umeme inaotumia, wati 65. Mtu anieleweshe, mashine inakula 65 ukutani halafu inatoa 3,000 kwenye spika? Inazaa humo ndani?

Kurudi kwenye boksi, pembeni ya ile namba kuna herufi nne kama za sisimizi: PMPO. Wanaojua wameshacheka. Hicho si kipimo, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Cha kutazama ni RMS, nguvu ambayo ampu (kikuza sauti) inaweza kuitoa mfululizo, na hiyo kwenye boksi langu haipo popote.

Nikachukua bisibisi. Spika ya mbele ina maduara mawili. La chini ni koni ya karatasi ya inchi 3, sumaku yake kama sarafu. La juu, lile linalong'aa ambalo muuzaji alinionyesha kwa kidole, "hiyo ndiyo twita, bosi", yaani kispika cha sauti nyembamba, ni PAMBO. Plastiki imegundishwa. Haina hata waya mmoja!

Ndipo nikaelewa kwa nini mwanamume akiongea kwenye filamu sauti inatokea sakafuni. Koni ya inchi 3 haina ubavu wa kushuka kwenye sauti nzito. Kwenye mfumo wa maana sabufa hupokea kuanzia kama hezi 80 kwenda chini, yaani besi nzito tu, na huko sikio halitambui kirahisi sauti inatoka upande gani. Yangu imebebeshwa mpaka maongezi ya watu. Muziki ndiyo usiseme: gitaa la besi lipande, lishuke, mimi nasikia du, du, du ileile. Na rimoti haitoki mkononi. Wakinong'ona naongeza, bomu likilipuka nakimbilia kupunguza, watoto wamelala.

Halafu hizo wati tunazoringishiana zenyewe, ukitoka 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Ulizeni spika inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ukiwa mita 1. Ya 84 inataka nguvu mara nne ili ifikie ya 90. Mimi sikuuliza. Niliona spika tano nikadhani tano ni zaidi ya mbili, kosa langu hilo nalimeza.

Nikasema basi niokoe angalau spika, nizifunge kwenye ampu nyingine. Wapi! Ni za ohmu 3, ukinzani mdogo mno kwa ampu nyingi, na plagi zake haziingii kwenye kitu kingine chochote.

Kabla hamjaanza "hamisha sabufa kona nyingine mkuu", kona zote nne zimeisha. Namtaka mwenye spika mbili tu za inchi 6 na nusu na ampu ya sterio, anayeangalia filamu kwa hizohizo. Ukikaa katikati, maongezi unayasikia kwenye skrini au unakisia? Ajibu aliyenazo. Wauzaji kaeni pembeni.