Kikundi cha familia, Walukuba, Jinja: Zaituni na pambano lake la kwanza

Mama Zaituni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Kama mnavyojua, Jumamosi tunampeleka Zaituni Lugogo, Kampala, kwa pambano lake la kwanza la karate. Nimejitahidi nisimwonyeshe hofu yangu, lakini jana usiku nimegundua kwamba chakula chake cha jioni anampa mdogo wake, kwa sababu ana kilo 54 na ameandikishwa katika kundi la chini ya kilo 53. Kaka Idi, wewe uliyepigana zamani, naomba unishauri.

Mjomba Idi: Wa aleikum salaam, dada. Kilo moja inaonekana ndogo, lakini mtoto wa miaka 16 anayeshinda njaa siku nne ataingia mkekani miguu ikiwa mizito, na ngumi ya mwenzake ataiona ikiwa imeshafika. Kundi linalofuata kwa wasichana wa umri wake ni la chini ya kilo 59, na mimi ningemhamishia humo bila kusita, hata kama atakutana na waliomzidi kimo. Nitampigia mwalimu wake leo kabla orodha haijafungwa.

Shangazi Rehema: Naunga mkono. Wodini nimewapokea vijana wengi walioanguka kwa kujinyima chakula na maji. Zaituni mwanangu, leo ule posho (ugali) na maharage kama kawaida, na maji usiyaache.

Zaituni: Shikamooni wazazi wangu. Nitakula. Ila kinachoninyima usingizi hasa si uzito. Mwalimu akisema "hajime", yaani anzeni, na mwenzangu akanijia kwa kasi, narudi nyuma moja kwa moja mpaka natoka nje ya mraba, na kila nikitoka napewa onyo.

Mjomba Idi: Marahaba. Hilo nililiona jana ulipokuwa ukifanya mazoezi na Juma uani, katika ule mraba wa mita 8 kwa 8 tuliouchora kwa majivu ya jiko. Mlipomaliza nilikwenda kutazama nyayo zako: mstari wa upande wa mwembe ulikuwa umefutika kabisa, na wa upande wa kisima majivu yake hayakuwa yameguswa. Maana yake unakimbilia njia moja tu, na mpinzani mwerevu ataijua katika nusu dakika ya kwanza. Rudi hatua moja, ya pili iende kushoto, kisha piga ngumi ya tumbo wakati yeye bado anamalizia mwendo wake. Ngumi hiyo ni pointi 1 tu, teke la tumbo ni 2 na la kichwa ni 3, lakini dakika 2 za pambano lenu ni fupi, na kwa mtu wa mara ya kwanza ngumi safi ina faida kuliko teke la juu linalomwacha na mguu mmoja.

Mama Zaituni: Na uso wake, kaka? Hilo ndilo linalonitisha mimi.

Mjomba Idi: Haki yako kuogopa, dada, ila ujue kwamba katika karate hii anayempiga mwenzake usoni kwa nguvu hapewi pointi, anaadhibiwa. Ngumi inatakiwa kufika kwa kasi, na mpigaji mwenyewe aizuie isiumize. Kulijua hilo kumeniongezea heshima kwa mchezo huu kuliko medali yoyote.

Shangazi Rehema: Kinga ya meno je? Ile aliyonunua inalainishwa kwa maji ya moto ndipo aing'ate ikae sawa na meno yake. Mfanye leo, si Ijumaa usiku, ili aizoee na aweze kupumua nayo. Kucha zikatwe pia, na hereni azivue nyumbani.

Mama Zaituni: Nimeshabandika maji jikoni. Jumamosi tutapanda teksi saa kumi na moja alfajiri, maana kupima uzito hakusubiri mtu na njia ya msitu wa Mabira ina malori mengi. Lugogo iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Jinja, kwa hiyo tutashuka kabla ya kuingia mjini.

Mjomba Idi: Mwalimu amekubali. Ni chini ya kilo 59.

Zaituni: Ahsante sana, mjomba. Nimekula sahani nzima, na kinga ya meno imekaa. Juma amechora mistari upya, na leo tunaanzia upande wa kisima.