Mjadala: Je, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ifutwe, irekebishwe au iachwe ilivyo?

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake, kwa sababu Bunge lenye mamlaka ya kuibadili sheria hii linakaa hapa hapa Dodoma, na wazee wanaonyooshewa vidole ni wa vijiji vyetu. Msimamo wangu nautanguliza: serikali iache kumtafuta mchawi, na badala yake imshike anayemtaja mwenzake kuwa mchawi pamoja na anayelipwa ili ataje.

Tukumbuke tulikotoka. Katika Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, mtemi hakuwa mtawala wa ardhi na watu pekee, bali alikuwa pia mwenye dhamana ya mvua, na mawe ya mvua yalitunzwa katika ukoo wake. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 570 hivi. Mahali ambapo majuma matatu ya jua kali mwezi Januari huweza kuuteketeza mtama wote, haishangazi kwamba watu waliuliza nani amefunga mvua. Swali hilo lilikuwa na mahali pa kupelekwa, yaani kwa mtemi na kwa mganga. Njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1918 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya vita kuu kunyang'anya nafaka, mifugo na vijana wenye nguvu, na ukame ukamalizia kazi. Ndiyo maana nasema kwamba kumtafuta mtu mmoja wa kulaumiwa mara nyingi huwaficha waliosababisha janga lenyewe.

Sisemi kwamba zamani palikuwa na haki kamili. Katika jamii nyingi za bara mtuhumiwa alinyweshwa mwavi, yaani sumu ya kumpima, akitapika amesalimika, akifa amethibitika kuwa mchawi; ilikuwa hukumu ya kutisha, na ilistahili kukomeshwa. Lakini Waingereza walipoipiga marufuku, kisha mwaka 1928 wakatunga Sheria ya Uchawi, hawakuijaza nafasi iliyobaki. Wanakijiji wengi waliona kwamba serikali inamkinga mchawi, kwa maana mahakama ilidai ushahidi wa jambo ambalo kwa imani yao hutendeka usiku, bila shahidi. Sheria hiyo ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa kuhamia mahali pengine, bila kwanza kutiwa hatiani na mahakama. Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zangu zote. Serikali inapomhamisha bibi mzee kwa sababu ya uvumi, kijiji kinapata uthibitisho kutoka ofisini kwamba uvumi ulikuwa kweli. Huko Uingereza kwenyewe sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa mwaka 1951, ikawekwa nyingine dhidi ya wanaojifanya kuwa na nguvu za mizimu kwa lengo la kujipatia fedha. Sisi tumebaki na tuliyoachiwa.

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba sheria ikifutwa wananchi watajichukulia hatua mkononi. Naielewa hofu hiyo, lakini sheria ipo na hatua hizo zimechukuliwa miaka yote. Vikongwe wameuawa Shinyanga, Mwanza na Tabora, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, ambayo ni matokeo ya moshi wa kupikia kwa kuni na mavi ya ng'ombe. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu aliahidiwa utajiri. Nyuma ya mauaji mengi ya namna hii kuna mpiga ramli aliyelipwa, na ndiyo sababu mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli, na kufikia Machi polisi walikuwa wametangaza kuwakamata zaidi ya watu 200.

Hata hivyo marufuku ile iliwatia hofu pia waganga wa mitishamba wasio na hatia. Wao wana sheria yao ya mwaka 2002, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, pamoja na baraza la kuwasajili. Mzee anayechimba mizizi kutibu tumbo asiwekwe kapu moja na yule anayemwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe ameliwa na jirani. Usajili ungeweza kuwatenganisha, iwapo leseni ingefutwa mara tu mganga anapothibitika kumtaja mtu kwa jina.

Ninachotaka kusikia kwenu, hasa wanasheria na wenyeviti wa vijiji, ni hiki: tuhuma inapofikishwa kwenye baraza la kijiji na umati umekwisha kukusanyika, ni nani apewe jukumu la kisheria la kumlinda mtuhumiwa usiku huo huo, bila kumfukuza kwake?