Sikukuu za kitaifa: maduka yafungwe, au yafunguliwe kwa zamu? Mjadala kutoka Nyanda za Juu Kusini

Mtunza hesabu, Mwanjelwa

Naleta hoja mezani. Desemba ikikaribia, wenye maduka Mbeya hugawanyika: kuna wanaotaka agizo moja la kufunga mji mzima siku za sikukuu, na kuna wanaotaka kila mtu aachwe afungue atakavyo. Msimamo wangu ni kwamba yafunguliwe, lakini anayefungua alipe anavyotakiwa kulipa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema mwajiriwa akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Wengi hukwama kwenye kuipata hiyo saa moja. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa za kazi za wiki, ambazo kisheria hazizidi 45. Mwenye 292,500 anapata kama 67,500 kwa wiki, yaani 1,500 kwa saa. Saa ya sikukuu ni 3,000, na akikaa saa nane ni 24,000. Wahudumu wawili na kuli mmoja wa kiwango hicho wanafika 72,000 kwa siku.

Sasa iweke hiyo kando ya faida, usiiweke kando ya mauzo. Kama kwenye mfuko wa unga wa kilo 25 unabakiwa na 1,000, lazima itoke mifuko 72 ndipo urudishe malipo ya watu peke yake, kabla ya umeme na mlinzi. Duka lisilofika hapo lina sababu tosha ya kufunga bila kuagizwa na mtu.

Mhudumu wa duka, Miyomboni, Iringa

Kamwene nyote. Kaka wa Mwanjelwa, hesabu yako ni sahihi, ila huku kwenye kaunta haifiki. Maduka mengi sikukuu inalipwa kwa soda na nauli. Mhudumu hawezi kudai kwa sababu hana karatasi yoyote, wakati kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja. Mwajiriwa anastahili saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Tarehe 24 Desemba duka linafungwa saa 4 usiku kwa sababu wateja hawaishi. Kwa hiyo mhudumu yule yule hapaswi kuonekana dukani kesho yake kabla ya saa 4 asubuhi. Nani anafuata hilo? Saa 1 asubuhi mlango uko wazi na ni yeye kasimama pale pale, miguu imevimba.

Na tusidanganyane kuhusu hiari. Mwenye duka anayeamua Januari nani abaki na nani apumzishwe, akiuliza "nani anakuja Krismasi?" kila mkono utanyooka. Mimi nataka siku chache zifungwe kabisa kwa kila duka lenye waajiriwa: Mei Mosi, Ijumaa Kuu, Krismasi na Idi mosi. Nyingine tujadiliane.

Pembejeo, Uyole

Mnazungumzia unga, kitu ambacho mteja anaweza kununua tarehe 22 akaweka ndani. Pembejeo haziko hivyo, na kwa ukanda wetu naliona hili kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia.

Sisi mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba. Shikeni kalenda: 9 Desemba, 25 na 26 Desemba, 1 Januari, 12 Januari. Sikukuu tano ndani ya wiki tano, na zote zimeangukia wakati wa kupanda na kukuzia mahindi. Mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba yanahitaji mbolea ya kukuzia, Urea au CAN, wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota, yaani kuanzia Krismasi hadi siku za mwanzo za Januari. Mkulima hanunui mapema. Kwanza fedha yenyewe inapatikana kidogo kidogo. Pili anasubiri udongo ulowe, kwa sababu Urea ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa wala mvua ya kuishusha chini, sehemu ya naitrojeni inapotelea hewani. Mvua ikinyesha usiku wa tarehe 25, asubuhi ya 26 mtu anataka mfuko wake.

Viazi ndivyo havisubiri kabisa. Huko Umalila na Uporoto, kwenye baridi na unyevu, ugonjwa wa ukungu ukishaingia unaona madoa meusi yenye majimaji kwenye jani, na asubuhi utando mweupe upande wa chini. Ndani ya wiki moja au moja na nusu shamba linaweza kuungua lote. Mankozebu ni dawa ya kinga, inapigwa kabla ugonjwa haujashika, na mvua zikifululiza inarudiwa kila baada ya siku saba hivi. Kipimo cha kawaida ni gramu 50 kwa bomba la lita 20, ingawa lebo ndiyo ifuatwe. Aliyeishiwa tarehe 24 jioni, akikuta 25 na 26 kumefungwa, mzunguko wake umeruka siku mbili katikati ya mvua. Akikata tamaa ananunua dawa iliyopimwa kwenye nailoni pembeni ya soko, haina lebo wala tarehe ya mwisho, na hajui anapiga nini.

Hata kufungua kwenyewe kuna namna. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/2023, inauzwa kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa namba yake, kupitia mfumo wa kidijitali. Ukimwacha dukani kijana wa kubeba mifuko huku anayeujua mfumo amesafiri kwao Kyela, mlango uko wazi lakini mbolea haitoki. Mkulima amepoteza nauli ya kwenda na kurudi, na hilo ni baya kuliko kumwambia mapema kwamba umefunga.

Sasa tazameni upande wa pili. Tarehe 8 Agosti, sikukuu ya wakulima wenyewe, mahindi yameshavunwa na wanaonunua ni watu wa bustani za kumwagilia tu. Duka la pembejeo likifungwa Nanenane ili watu wake waende kwenye maonyesho viwanja vya John Mwakangale, hakuna shamba litakaloharibika. Kwa hiyo agizo moja kwa sikukuu zote ni kosa. Funga Agosti, fungua 26 Desemba.

Mtunza hesabu, Mwanjelwa

Dada wa Miyomboni, la saa 12 nalikubali lote. Naongeza kwamba hata kwa saa za ziada mtu havuki saa 12 za kazi kwa siku. Duka linalotaka kuwa wazi saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku ni saa 15, lazima liwe na zamu mbili. Ila Mei Mosi na Krismasi kufungwa kwa wote, hapo sijashawishika bado.

Rejareja, Ilomba

Wakubwa, agizo la kufunga litambana nani? Duka lenye mwenyewe na mkewe halina mwajiriwa, halidaiwi malipo mara mbili, na litafungua. Machinga atafungua. Kitakachofungwa ni maduka ya jumla ya Uhindini na Mwanjelwa, na mimi siyalilii sana. Rejareja anaweza kujipanga: sukari, mchele, ndoo za mafuta za lita 20, hivyo hukaa. Vinavyosumbua ni vitatu. Mkate haukai zaidi ya siku chache. Maziwa bila jokofu ni ya siku hiyo hiyo. Soda tatizo lake ni makreti, kwa sababu bila kreti tupu lenye chupa zake 24 hubadilishiwi lililojaa, na wateja wa sikukuu huondoka na chupa majumbani. Gari la soda halipiti siku hiyo. Chukua amana ya chupa kuanzia tarehe 20 na upeleke matupu yote mwisho tarehe 23. Ukingoja 24 utakuta foleni, mzigo umekwisha.

Wakala wa fedha, Kabwe

Kuna kitu kinaunganisha hayo yote nacho ni noti. Wiki ya Krismasi fedha zinatumwa kutoka Dar kuja huku, hivyo wanaotoa ni wengi kuliko wanaoweka. Kila anayetoa anamwachia wakala floti, yaani fedha ya kwenye simu, na kuondoka na keshi. Kabla ya saa 6 mchana simu imejaa floti na droo ni tupu. Benki zimefungwa, kwa hiyo floti haigeuki noti. Anayemwokoa wakala ni duka la jumla lenye mauzo ya keshi: linapokea floti, linatoa noti, nalo linakuwa limepunguza fedha za kulala nazo ndani. Maduka makubwa yakifungwa mji mzima, mzunguko huo unakatika na mkulima wa Uyole hana cha kununulia hata kama pembejeo ziko wazi.

Angalieni na siku zinavyoangukia. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, tarehe 26 ni Jumamosi, halafu Jumapili. Siku tatu bila benki. Wakala agawe keshi yake mafungu matatu tangu Alhamisi, aweke kikomo cha kutoa kwa mtu mmoja na kukibandika dirishani. Na asimtume mtoto kubeba noti kwenda kubadilisha floti. Wezi wanaijua siku hiyo kama wakala anavyoijua.

Mpakani, Tunduma

Huku sikukuu yako si ya jirani. Tarehe 9 Desemba kwa Nakonde, upande wa Zambia, ni siku ya kazi, na mwenye duka wa upande ule anakuja kuchukua mzigo kama kawaida. Wao nao wana zao: Jumatatu ya kwanza ya Julai na Jumanne inayofuata, halafu 24 Oktoba, uhuru wao. Kasumulu ni kugumu zaidi, kwa sababu Malawi wanasherehekea uhuru 6 Julai na sisi 7 Julai ni Sabasaba. Zikifungwa pande zote, ni siku mbili mfululizo mzigo umekaa. Tunduma tufunge sikukuu zetu siku ambazo na wao wamefunga, kama Krismasi na Ijumaa Kuu, nyingine tuuze.

Mtoa dawa, Njombe

Kwa maduka ya dawa hakuna mjadala wa kufunga yote, ila kufungua yote nako ni kupoteza nguvu. Mji uwe na zamu. Maduka ya eneo moja yakubaliane, moja liwe wazi asubuhi, lingine jioni, na kila mlango uliofungwa uwe na karatasi inayosema lililo wazi ni lipi na liko wapi. Lakini anayekaa awe mtoa dawa aliyefunzwa. Kosa linalotokea sikukuu ni mwenye duka kumwachia ndugu yake "auze Panadol tu", halafu anakuja mama mwenye mtoto mwenye homa na kaunta inaanza kukisia dozi. Bora likafungwa.

Spea, Makambako

Malori ya kwenda Zambia na Kongo hayajui Krismasi. Hozi ya upepo wa breki ikipasuka, lori halisogei, na likisimama mlima Kitonga linafunga njia kwa mabasi yote. Duka moja la spea na fundi mmoja wa zamu kila mji wa barabarani: Mafinga, hapa, Igawa, Uyole. Wanatosha.

Mhudumu wa duka, Miyomboni, Iringa

Nimewasikia. Mzee wa Uyole amenibadilisha kwa pembejeo, na dawa sikuwa na ubishi nazo. Lakini nguo, vyombo, simu na samani havina ukungu wa viazi. Hizo Krismasi na Mei Mosi zifungwe. Kwa yatakayofunguliwa, wapangwe kwa imani: Muislamu ashike Krismasi, Mkristo ashike Idi, mwenyewe akiwa amekubali. Na kwa Idi zamu iandikwe kwa tarehe mbili, kwa sababu mwezi huthibitishwa usiku, na mhudumu asipigiwe simu saa 3 usiku kuambiwa kesho ni yeye.

Swali kwa mtunza hesabu: mwenye duka anasema mshahara wa mwezi tayari umelipa siku ile, kwa hiyo anaongeza moja tu, siyo mbili. Unasemaje?

Mtunza hesabu, Mwanjelwa

Ugomvi wa kila mwaka uko hapo. Mimi nasoma kifungu kwa saa zilizofanyiwa kazi: kila saa, mara mbili. Mwenye mshahara wa mwezi analipwa sikukuu hata akilala nyumbani, hivyo ukimwongezea moja tu, kazi yake ya siku ile umeilipa kama ya Jumanne yoyote. Msibishane kwa maneno lakini. Mkataba utaje shilingi yenyewe, "saa ya sikukuu 3,000", wote wawili watie saini.

La Krismasi na Mei Mosi kwa nguo na samani, nimekubali, dada yangu. Kwa yanayobaki wazi, zamu ya Desemba ibandikwe ukutani kabla ya tarehe 10. Na kuhusu saa ngapi mtu alikaa, risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zina muda. Risiti ya kwanza na ya mwisho zinaonyesha duka liliuza kuanzia lini hadi lini. Mhudumu aandike saa ya kuingia na kutoka kwenye daftari, mwenye duka asaini jioni ile ile, na ripoti ya Z ya siku hiyo, yaani jumla ya mauzo inayotolewa na mashine, ibanwe kwenye ukurasa huo huo.