Mafaili ya ghala yamefungwa, wanadai dola 980. Nipige Windows upya?

Gunia Debe: Wakuu, salaam. Nina ghala la mahindi Kibaigwa, na ofisini kuna kompyuta moja tu. Jana asubuhi kijana wangu kaiwasha, akakuta kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni na halifunguki. Kila folda ina ujumbe, _readme.txt: tulete dola 980, tukiwatafuta ndani ya saa 72 ni 490.

Humo mna hesabu za misimu mitatu. Nani kaleta gunia ngapi, nani tumemkopesha mbolea, namba zao za simu na za NIDA. Flashi ya akiba ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo imefungwa. Kijana amekiri kwamba juzi alipakua programu ya uhasibu iliyochakachuliwa. Simlaumu, leseni niliikataa mimi. Fundi anakuja jioni kupiga Windows upya. Nimruhusu?

Fundi wa Nkuhungu: Pole sana mkuu. Usimruhusu! Akifuta diski, nafasi ya kuyaokoa imekwenda nayo. Chomoa intaneti kwanza.

Kwa hizo 980 na 490 na njia kilivyoingia, hicho ni kirusi cha STOP/Djvu, kinachopenda programu za kuchakachua. Fungua ule ujumbe, utazame namba yako pale chini kabisa. Ikiishia na t1, ufunguo uliotumika wanautumia kwa watu wengi, na Emsisoft, kampuni ya kupambana na virusi vya kompyuta, wana programu ya bure ya kufungulia iwapo ufunguo huo umeshapatikana. Isipoishia hivyo, ufunguo ni wa kompyuta yako peke yake na wanao wao. Atakayekuambia "nipe laki tatu nifungue" anakula hela yako. Nakili yote kwenye diski mpya, funga kabatini, usubiri huenda siku moja ufunguo ukapatikana.

Mtoto wa Kongwa: Usilipe. Jirani yangu dukani alilipa, wakamwongezea dau, kisha kimya.

Mama Zabibu: Mnasema mafaili tu, na wakulima je? Kirusi hicho mara nyingi huja na mwizi wa maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kaka, chukua simu, si hiyo kompyuta, ubadilishe ya barua pepe na ya benki leo hii. Na namba za NIDA za watu ni dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikivuja, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe. Waambie na wakulima wenyewe, wajihadhari na anayepiga simu akijifanya wewe.

Gunia Debe: Asante dada, nimeshabadilisha. Namba haiishii t1. Fundi nimemrudisha, diski mpya nimeinunua. Wakulima wameanza kuleta stakabadhi zao za karatasi, tunaandika upya kwenye daftari. Mzee mmoja alizitunza zote tangu msimu wa kwanza, kazikunja ndani ya kitambaa. Sasa akiba niiweke vipi?

Fundi wa Nkuhungu: Diski mbili, mkuu. Ijumaa unachomeka moja, unanakili, unachomoa. Ijumaa inayofuata nyingine. Iliyopumzika ilale nyumbani kwako, si ghalani. Na kila mwezi fungua faili moja kutoka humo uone kama linasomeka. Kijana asitumie akaunti ya msimamizi, afunguliwe ya kawaida. Leseni nunua.