Salalah, Cappadocia au Maporomoko ya Victoria? Arubuni ni Ijumaa

BintiMaweni (Malindi)
Asalaam aleikum wana baraza. Nina neno la haraka. Chama chetu cha kina mama tumeweka pesa miaka miwili, na mwaka huu tumekubaliana hatugawani, twasafiri. Dubai hatutaki, walioenda walirudi na mabegi tu. Sisi twataka milima, maji, mahali pa kukaa ukatazama. Wakala ametuwekea mezani safari tatu za kundi, kila moja na mwongozaji wake:

Oman, siku 7, Muscat na Salalah: 185,000
Uturuki, siku 9, Istanbul, Cappadocia na Pamukkale: 235,000
Maporomoko ya Victoria, upande wa Zambia na wa Zimbabwe, siku 6: 170,000

Arubuni ni elfu 30 kila mtu, hairudi, na mwisho ni Ijumaa. Mngekuwa nyinyi mngechagua ipi?

MkunguniJuu (Lamu)
Waaleikum salaam. Dada, umetupa mfupa bila nyama. Mwenda wangapi? Mwezi gani? Hiyo bei ni kutoka Malindi au mpaka mjifikishe Nairobi wenyewe? Viza imo? Mkubwa wenu ana miaka mingapi? Salalah ya mwezi wa pili na Salalah ya mwezi wa nane ni miji miwili tofauti.

TuktukYaNgala (Malindi)
185,000 mara watu wote hao. Mngenunua tuktuk ngapi nyinyi.

BintiMaweni
@TuktukYaNgala usianze. @MkunguniJuu tuko 14. Mwezi wa nane shule zikifungwa, maana watatu ni walimu. Bei ni kutoka Nairobi. Viza sijauliza.

NahodhaMstaafu (Lamu)
Mwezi wa nane? Basi maneno yamekwisha. Salalah.

Nimetia nanga pale mara nyingi, niulizeni mimi. Hicho wanachokiita khareef si kitu kigeni kwetu, ni kusi. Upepo huu huu unaotuyumbisha tukivuka kwenda Manda, ukifika pwani ya Dhofar, mkoa wa Salalah, husukuma maji ya juu, ya chini yaliyo baridi yakapanda. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi ile huwa ukungu, ukungu ukagonga milima iliyo nyuma ya mji, ukakaa hapo. Huanza mwisho wa mwezi wa sita mpaka wa tisa. Si mvua kama masika yetu. Ni manyunyu, kanzu yalowa na tone hulisikii. Muscat watu waungua digrii arobaini na kupanda, na Salalah siku hiyo hiyo watu wajitanda shuka.

Wadi Darbat utaona maji yashuka na ngamia wamesimama kwenye majani mabichi kama ng'ombe wa Tana. Mughsail kuna matundu kwenye mwamba wa ufukweni: bahari ikichafuka, wimbi lapita chini, maji yarushwa juu na kishindo, kina mama hukimbia wakicheka. Na miti ya ubani mtaiona kule Wadi Dawkah. Huo mnaoufukiza kila Alhamisi, mwende mkauone unavyotoka kwenye gome kama machozi.

PichaNaSafari (Malindi)
Nahodha umesema kweli lakini umesema nusu. Msimu huo familia za Ghuba nzima ziko huko. Hoteli zapanda bei, barabara za mlimani gari nyuma ya gari, na ukungu ukishuka huoni hata boneti. Unaweza kulipa laki na themanini kutazama weupe. Binti, mbane wakala kwa maswali haya. Muscat mpaka Salalah ni ndege au basi? Ndege ni kama saa moja na nusu. Basi ni kilomita elfu moja hivi za jangwa, na siku mbili kati ya saba zimeliwa na kiti. Salalah mwalala siku ngapi? Akisema mbili, hiyo ni safari ya Muscat iliyopakwa rangi ya kijani. Na akiwaambia mtaona waridi za mlima wa Jebel Akhdar mwezi wa nane, muulizeni kama ni za plastiki. Waridi zile ni za kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano.

MkunguniJuu
Na chakula chote kiwe ndani ya bei. Rial moja ni dola 2 na senti 60. Ukinunua maji na juisi ukadhani ni shilingi, utalia.

MamaHalwa (Malindi)
Mimi naingia kwa Uturuki. Tuliza moyo usome, mwanangu.

Mwaka juzi nilikwenda na kundi la watu ishirini na kitu. Kampuni siitaji. Kwenye karatasi ilikuwa tamu: mabonde, miamba, maji meupe. Istanbul mpaka Cappadocia tulibebwa na basi usiku kucha. Tumefika asubuhi, miguu imevimba kama mihogo, hatukupelekwa hotelini kuoga, tukapelekwa "kuona utamaduni". Utamaduni ni duka la mazulia.

Walitukalisha kwenye mabenchi kuzunguka ukuta, tukapewa chai ya tofaa kwenye vigilasi vilivyobanwa kiuno. Wakaja vijana wawili wakawa wanayarusha mazulia sakafuni, moja juu ya jingine, pwaa, pwaa, mpaka rundo likafika magotini. Muuzaji ajua kusema "karibu mama" na "bei ya rafiki". Mlango ulikuwa haukufungwa, lakini mwongozaji wetu amesimama pale na mwavuli wake wa kijani, nani atatoka? Tulikaa saa mbili na nusu. Siku ya pili ngozi. Siku ya tatu vito. Ile ngome ya mwamba ya Uçhisar, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye picha ya tangazo, tuliiona kwa dirisha la basi, na nilikuwa upande usiofaa.

Puto sasa. Tulilipa kando, dola 150 kila mtu. Saa kumi alfajiri twagongewa mlango, twapakiwa kwenye gari, twakaa gizani kwa baridi. Likaja neno kuwa upepo hauruhusu. Turudini. Kesho yake vilevile. Pesa wakasema zitarudi kwa siku chache. Nilizipata nusu, baada ya miezi minne ya kuandika ujumbe kila Jumatatu.

Lakini niseme haki. Ile asubuhi ya pili sikurudi kulala. Nilitoka nyuma ya hoteli peke yangu na viatu vya kuogea, nikapanda kilima kidogo. Jua likaanza kupiga ile minara ya mawe, moja moja, kama mtu awasha taa nyumba kwa nyumba. Nikakaa juu ya ukuta. Safari nzima, nililolipia ni zile dakika ishirini.

PichaNaSafari
Pole Mama, ila upepo si kosa la kampuni. Kule mamlaka ya anga ndiyo inayoamua kila asubuhi kama maputo yataruka, na ni bora ikatae. Maduka nakubali, huo ni wizi wa saa. Safari ya bei rahisi hulipiwa na kamisheni ya mazulia.

MamaHalwa
Nani kasema nilinyimwa kuruka na kampuni? Nimesema pesa zangu. Soma tena.

PichaNaSafari
Nimesoma. Haya, pesa zako ni haki yako.

KitabuCheNjano (Mombasa)
Neno moja la afya. Wakenya twatoka nchi yenye homa ya manjano, Oman wataangalia cheti. Sindano huhesabika baada ya siku 10, kwa hivyo msichomwe juzi mkasafiri leo. Wenye cheti cha zamani msihangaike, tangu 2016 kimoja chatosha maisha. Na pasi iwe imebakisha miezi 6 au zaidi.

BintiMaweni
Lo. Pasi. Wawili wetu bado hawajapata.

MkunguniJuu
😂 Na arubuni hairudi?

BintiMaweni
Hairudi.

LoriLaTunduma (Malindi)
Nimeendesha lori njia ya kusini miaka tisa, Livingstone, mji wa hapo Maporomoko ya Victoria, nimelala kuliko nilivyolala kwangu. Maporomoko wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mosi ni moshi, hata mkalimani huhitaji. Upana wake umepita mita 1,700 na kimo 108, ukuta mzima wa maji waingia ufa mmoja. Mwezi wa nne maji ni mengi mno, wasimama mbele yake huoni kitu, ni mvua yatoka chini kwenda juu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu, watu wanapiga picha mawe. Mwezi wa nane ndio katikati, maji yapo na macho yaona. Na wakala asiwaibie siku: upande wa Zimbabwe ndiko unakoyaona yakikukabili, Zambia ndiko unakoyakaribia. Ziwepo zote mbili. Njia ya Zimbabwe ni tambarare kwa sehemu kubwa, hata mtu mzima anatembea.

NahodhaMstaafu
Maji ni maji. Sisi twazaliwa juu ya maji.

LoriLaTunduma
Nahodha, hayo ya kwenu ya Amu yamelala. Haya yamesimama.

BintiMaweni
Hapo kwa mtu mzima mmenigusa. Kuna jambo sikulisema. Mamangu yumo kwenye kundi, ana miaka 71 na goti moja halikunji. Ndiye aliyeanzisha chama, hatuwezi kumwacha.

MamaHalwa
Sasa wasema! Uturuki futa. Pamukkale unavua viatu, ni sheria, kulinda ile chokaa nyeupe. Kwenye picha ni kama pamba. Kwa mguu ni kama kukanyaga mbuzi ya nazi, tena kwa maji yanayoteleza. Mimi na magoti yangu mazima nilishuka nimemshika mgeni mkono, mwanamume wa Korea simjui hanijui.

PichaNaSafari
Hapo sina ubishi. Ila kwa Salalah pia uliza gari lafika wapi. Wadi Darbat lafika karibu kabisa na maji. Mughsail kuna ngazi na njia iliyotengenezwa. Wakiwawekea Wadi Shab ukiwa Muscat, mama abaki garini: unavuka kwa mashua kisha ni mwendo wa miguu kwenye mawe, na kwa joto la mwezi wa nane hata mimi nabaki.

TuktukYaNgala
Naomba niulize kitu na msinitukane. Hao kina mama 14, ni wangapi wamewahi kufika Marafa?

BintiMaweni
…

TuktukYaNgala
Nilijua. Cappadocia, Cappadocia, na Nyari, lile bonde la Marafa, iko hapo kilomita thelathini na kitu. Bonde limechimbwa na mvua, minara ya mchanga myekundu, mieupe, ya rangi ya machungwa, jua likizama yawaka. Waitaliano wamejaa. Mtu wa Malindi amekaa Maweni miaka arobaini hajaiona.

MkunguniJuu
Ndiko kule walikooga maziwa?

TuktukYaNgala
Ndiko. Familia tajiri, ng'ombe wengi, wakawa waoga maziwa, Mungu akawadidimiza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu.

MamaHalwa
Bibi yangu alisimulia vingine. Ilikuwa kijiji kizima, na waliambiwa wahame usiku, ajuza mmoja akakataa.

TuktukYaNgala
Ajuza ni hadithi ya kwingine Mama, mmechanganya.

MamaHalwa
Mimi nimezaliwa Marafa wewe.

TuktukYaNgala
Basi samahani Mama. Ajuza alikuwepo.

LoriLaTunduma
Kuteremka kule chini ni kwa mwinuko, goti la bibi halitaki. Lakini kwa juu ukingoni anatazama vizuri akiwa kwenye kiti.

PichaNaSafari
Jumapili hii niko huru na nina kamera. Nani ana gari la watu wengi?

TuktukYaNgala
Shemeji ana matatu ya watu 14. Mafuta mchange.

MamaHalwa
Mtoke saa tisa mchana, si asubuhi. Mkifika saa sita jua litawakausha kama ng'onda. Biriani ya samaki naleta mimi, mtu alete kachumbari na maji.

NahodhaMstaafu
Na sisi wa Amu? Twapanda boti, halafu basi kutoka Mokowe, kwa ajili ya mchanga?

TuktukYaNgala
Si umesema umezaliwa juu ya maji. Njoo uone nchi kavu.

BintiMaweni
Mama nimemsomea yote haya. Amecheka sana kwa mwanamume wa Korea. Asema Marafa Jumapili anakwenda, aletewe kiti cha mgongo. Kuhusu safari, asema Oman anataka kwa sababu ya ubani, na Victoria anataka kwa sababu babake alifanya kazi reli ya huko, na nisimuulize tena mpaka ale.

MkunguniJuu
Na Ijumaa je? Na viza?

BintiMaweni
Nimempigia wakala mara tatu tangu asubuhi. Ya kwanza na ya pili iliita tu. Ya tatu aliishika mtoto, akasema baba anaoga.

KitabuCheNjano
Mwambie asubiri hapo hapo simuni.

MamaHalwa
Jamani kachumbari ni nani? Sijasikia mtu.