Subaru: sifa ya rally, lawama za gasketi. Kabla ya kuagiza Forester nijue nini?

Mshale_wa_Kibo

Wakuu, habari za kazi. Nataka kuagiza Forester kutoka Japan na nimebakiza mbili: modeli SG5 ya 2006 yenye injini ya EJ20 bila turbo na giaboksi otomatiki ya gia nne, na modeli SJ5 ya 2013 yenye injini ya FB20 na CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Kinachonikwamisha ni sifa ya Subaru yenyewe. Huyu anakwambia ni kampuni ya ndege za kivita, gari la rally, haliogopi tope. Yule anakwambia linakula oili, linachemsha, na fundi akifungua boneti akakuta injini imelala anapandisha bei hapo hapo. Naomba wanaoifahamu waniambie sifa hizi zimetoka wapi, lipi la kweli, na kabla sijalipa nikague nini. Turbo sitaki, wapenzi wa filimbi mnisamehe.

Kamshafti4

Karibu. Habari ya ndege ni ya kweli, si porojo za madalali. Chikuhei Nakajima alikuwa mhandisi wa jeshi la majini, akaacha kazi na mwaka 1917 akaanzisha kiwanda cha ndege mjini Ota, mkoa wa Gunma. Hapo ndipo ilipotoka ndege ya kivita ya Ki-43 Hayabusa, pamoja na injini ya Sakae iliyowekwa hata kwenye Zero, ndege ya kivita ya Mitsubishi. Zaidi ya nusu ya Zero zote ziliundwa na Nakajima. Japan iliposhindwa vita mwaka 1945 ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, wahandisi wakahamia kwenye skuta za Rabbit mwaka uliofuata, kampuni ikavunjwa vipande. Mwaka 1953 baadhi ya vipande hivyo vikaungana tena kwa jina la Fuji Heavy Industries. Nembo ni kundi la Kilimia: nyota moja kubwa kwa kampuni mpya, tano ndogo kwa zile zilizoungana. Jina Subaru Corporation limeanza rasmi Aprili 2017 tu.

Usidhani walianza na sifa nzuri kila mahali. Subaru 360 ya 1958, kazi ya Shinroku Momose aliyetoka kwenye ndege, ilikuwa na injini ya 356 cc nyuma, na kwa Wajapani wa wakati ule ilikuwa mkombozi. Malcolm Bricklin alipoipeleka Marekani mwaka 1968, jarida la Consumer Reports likaiandika kuwa gari lisilokubalika. Halikuumbwa kwa barabara zile.

Mambo yalibadilika na Subaru 1000 ya 1966, gari lao la kwanza la injini ya boksa. Pistoni zimelala, mbili kila upande. Kila jozi inayotazamana inatoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kwa hiyo mtikisiko wa upande mmoja unafutwa na wa upande wa pili. Uzito unakaa chini. Giaboksi inafuata nyuma ya injini kwa mstari ulionyooka, ekseli za kushoto na kulia zikatoka na urefu sawa. Kwa mpangilio huo, kuongeza shafti ya kwenda nyuma si kazi kubwa. Shirika la umeme la Tohoku lilipotaka gari la kupandia milima yenye theluji lisilotesa abiria kama gari la Jeep, zikaundwa van chache za modeli ya ff-1 zinazoendeshwa na magurudumu yote manne (4WD), na 1972 ikaingia sokoni Leone van ya 4WD. Forester yako ni mjukuu wa gari hilo, si wa gari la rally.

Rally ilikuja baadaye. Legacy ilitoka 1989, na mwezi Januari mwaka huo ilikimbizwa Arizona kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, vituo vya mafuta vikihesabiwa. Kisha Impreza na timu ya Prodrive: ubingwa wa dunia wa madereva 1995 (McRae), 2001 (Burns) na 2003 (Solberg), na wa watengenezaji 1995, 1996 na 1997. Kwetu Afrika Mashariki kumbukumbu inaanza hata kabla ya hapo. Kwenye Safari Rally ya 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 akiwa na Vivio, kigari cha 660 cc ambacho wengi wangekiona cha kwenda sokoni, na mwaka uliofuata akawa wa nne na Impreza. McRae akashinda Safari ya 1997 na Burns ya 2000, wote na Subaru. Kila kijana aliyeweka ekzosi ya kelele kwenye Impreza ya kawaida anaishi kwa mkopo wa miaka ile.

Fundi_Rejeta

Historia tamu, ila mwenzetu ananunua gari. Tuje kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi.

Lawama nyingi za mtandaoni ni za Wamarekani na ni za EJ25, lita 2.5. Pima mwenyewe. Kwenye injini zote za EJ umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 113. EJ20 ina kipenyo cha 92, hivyo kati ya silinda na silinda inabaki milimita 21. EJ25 walitanua hadi 99.5, ikabaki 13.5. Gasketi ikapungukiwa mahali pa kukalia. Ongeza kwamba injini imelala, maji na oili vinashinda vimeegemea ukingo wa chini wa gasketi hata gari likiwa limezimwa. Zile za DOHC (kamshafti mbili kila upande) za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipasukia ndani, moshi wa silinda ukaingia kwenye maji. Zile za SOHC (kamshafti moja kila upande) zilizofuata zilivujia nje, chini, polepole. Dawa iliyokubalika ni gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, kama zile za injini za turbo.

Forester nyingi zinazotoka Japan ni za lita 2.0, kwa hiyo hadithi hiyo si yako moja kwa moja. Lakini EJ20 iliyowahi kuchemshwa nayo itakuja pale pale. Dalili: mapovu yanayoendelea kwenye chupa ya akiba ya maji baada ya injini kupata moto, chupa inajaa lakini rejeta inapungua, mshale unapanda ukiwa kasi barabara kuu na kutulia mjini, hita inapuliza baridi wakati injini ni ya moto. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Ikigeuka njano, kuna moshi wa silinda kwenye maji, na hapo hakuna mjadala.

Ukifungua, badilisha pande zote mbili hata kama unavuja mmoja. Shusha injini, usihangaike nayo ndani ya boneti. Weka rula ya chuma juu ya silinda hedi na upime kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): ikizidi 0.05 mm ipelekwe mashine. Uso wa bloku nao upimwe. Anayesafisha kwa diski ya msasa anachimba mabonde yasiyoonekana kwa macho, gasketi mpya haitamaliza mwaka. Bolti zinakazwa kwa hatua: unakaza, unalegeza zote, unakaza tena, na mwisho unamalizia kwa nyuzi za pembe, si kwa nguvu za mkono.

Baadaye, kutoa hewa. Wengi wanakosea hapa, gari linachemsha wiki ya kwanza na gasketi inasingiziwa. Fungua skrubu ndogo ya hewa juu ya rejeta, jaza kulanti taratibu hadi itoke hapo bila povu, funga, washa injini hita ikiwa kwenye moto wa juu, subiri feni iwake mara mbili, zima, iache ipoe, ongeza.

Mombasa_Rd

Fundi amesema kweli, lakini huku Nairobi EJ20 nyingi zinauawa na mkanda wa taimingi na ukame wa oili, gasketi inafuata kwa mbali.

Mkanda huo, unaozungusha kamshafti kutoka kwenye krenki, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari la 2006 linalosoma 90,000 na halina rekodi, hesabu kwamba mkanda ni ule wa kiwandani na umezeeka. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Usinunue mkanda peke yake. Chukua seti: mkanda, tenshona ya haidroliki, puli zote ikiwemo yenye meno, na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Puli ikikwama inakula mkanda mpya kwa siku chache.

Halafu kuna mtego mmoja. Gia ya krenki ina mshale NA ina alama ya mstari kwenye ukingo wa nyuma. Taimingi inafungwa kwa mstari, mshale si wa kazi hiyo. Fundi akifuata mshale, injini itawaka vibaya au haitawaka, na kwenye DOHC anaweza kupinda valvu akiwa bado anazungusha kwa spana.

Oili: EJ20 inachukua kama lita 4 pamoja na filta, 5W-30. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna karibu lita nzima. Kwa hiyo ukikuta kijiti kiko chini ya alama ya chini, umepoteza zaidi ya robo ya oili yote. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa pahali tambarare, maana ikiwa moto kijiti kinadanganya upande mmoja. Beringi za krenki za EJ ni nyembamba na hazisamehi ukame. Zikianza kugonga, wengi huishia kununua injini ya mtumba.

Mshale_wa_Kibo

Shukrani sana. Kwa hiyo SJ5 yenye FB20 haina mkanda kabisa? Na CVT yake vipi, maana ndiyo inayoniogopesha.

Kamshafti4

Haina mkanda, ina cheni. FB ilianza 2010 na waliichora upya: kipenyo 84, mwendo wa pistoni 90, kinyume cha EJ20 yenye 92 kwa 75. Kesi ya gasketi imepungua sana. Imekuja na yake: FB za mwanzo zilikula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na Marekani kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016, Forester za 2011 hadi 2014 zikiwemo. Mwishoni mwa 2018 Subaru ikaita magari mengi ya kipindi cha 2012 na 2013 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya spring za valvu zinazoweza kuvunjika, na kuzibadilisha kunahitaji injini ishushwe. Omba namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa Subaru Japan wa magari yaliyoitwa, uone kama kazi ilifanyika. Usilipe kabla ya hapo.

CVT ya Lineartronic si mbaya kama inavyosemwa, lakini Subaru yenyewe iliongeza waranti yake Marekani kutoka miaka 5 hadi 10 kwa modeli za miaka ile. Kampuni haitoi zawadi hiyo bila sababu. Kinachosumbua zaidi ni valvu bodi (inayoongoza oili ndani ya giaboksi) na tokikonveta (inayounganisha injini na giaboksi): gari linatetemeka ukisimama kwenye taa, au injini inazimika ukishika breki.

Msema_Kweli_TZ

Tuseme na hili: mwaka 2017 ilibainika kuwa ukaguzi wa mwisho kiwandani Gunma ulikuwa ukifanywa na watu wasio na kibali kamili, kwa miaka zaidi ya 30. Waliita mamia ya maelfu ya magari yarudishwe kukaguliwa ndani ya Japan. Haimaanishi yalikuwa mabovu, ila anayesema "Mjapani hakosei" ajue. Na leo Toyota ina kama asilimia 20 ya hisa za Subaru.

Fundi_Rejeta

Ningechukua SG5, kwa sharti la bajeti ya mkanda siku linapofika. Sababu ni giaboksi: hiyo ya gia nne inaeleweka na spea zake zipo. Ila ikague hivi. Kata usukani hadi mwisho kwenye uwanja, achia breki, liache litambae lenyewe. Likijivuta kama limeshikwa breki au likiruka ruka, klachi ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma imechoka, oili ya giaboksi (ATF) imekufa, au tairi hazilingani. Kwenye boksi la fyuzi ndani ya boneti kuna nafasi imeandikwa FWD, yaani kuendeshwa na magurudumu ya mbele tu. Weka fyuzi ya ampea 15, taa ya FWD itawaka na nyuma itaachiwa. Mvutano ukiisha, umepata mkosaji. Ni kipimo na dharura, si matibabu.

Tairi zinabadilishwa nne kwa pamoja, saizi moja, chapa moja. Tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi kama milimita 6. Gari likiharibika libebwe juu ya lori. Ukilivuta magurudumu mawili yakiwa chini unapika giaboksi.

Shokapu za nyuma za baadhi ya SG ni zile zinazojiinua zenyewe. Zikichoka, mkia unalala hata gari likiwa tupu, na bei yake inauma, kwa hiyo wengi hufunga za kawaida pamoja na springi zake. Angalia kwenye picha za mnada kama nyuma kumelala.

Na wakati wa kubadilisha oili simama hapo hapo. Chini kuna zaidi ya bolti moja ya kumwagia: ya injini, ya giaboksi, na kwenye SG5 difu ya mbele ina oili yake peke yake, kama lita 1.2, yenye kijiti chake. Kwenye SJ5 mafundi wa haraka wamewahi kumwaga CVT wakidhani ni injini, kisha wakajaza lita 5 juu ya oili iliyokuwa bado ndani. Gari linatoka likitoa moshi na halifiki mbali. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Ikitoka ya rangi nyingine, mwambie arudishe bolti kabla hajagusa kopo jipya.