Pesimeka na moyo kushindwa kufanya kazi: asilimia ipi ni ya hatari?

Swali: Wakuu, mgonjwa ana pesimeka (kifaa kinachochochea moyo upige kwa umeme) yenye nyaya mbili. Ripoti inaonyesha chumba cha chini cha kulia cha moyo kinachochewa na kifaa kwa 85% ya mapigo. Nguvu ya moyo kusukuma damu ilikuwa 60%, sasa 42%. Kifaa kinahusika?

Jibu 1: Inawezekana sana. Umeme ukianzia kulia, upande wa kushoto huchelewa kukaza: ukuta mmoja unabana wakati mwingine bado umelegea. Mwendo huo ukirudiwa kila pigo kwa miezi au miaka, moyo hutanuka na kudhoofika. Uchochezi ukizidi takriban 20% hatari huanza kupanda. 40% na zaidi si wa kupuuzwa. Ila kwanza hakikisheni si mishipa ya moyo iliyoziba, valvu au presha.

Jibu 2: Mkuu, muhimu ni kujua kwa nini iliwekwa. Kama njia ya umeme ya moyo wenyewe bado inapitisha, fundi wa kifaa arefushe muda wa kusubiri kati ya vyumba vya juu na vya chini, moyo ujipigie wenyewe. Kama imekatika kabisa, kubadili mpangilio huo hakutasaidia. Muulizeni daktari kuhusu waya wa tatu upande wa kushoto, au waya kwenye njia asilia ya umeme.

Jibu 3: Nyumbani apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, au akihitaji mito zaidi ili alale, apelekwe hospitali bila kungoja kliniki.